Mashua Iliyomwagiliwa Maji

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Juni mwaka 1955, kati ya chai ya mkaguzi na chakula chake cha mchana. Asubuhi ya siku hiyo Matano alikuwa na mke, binti na mashua. Jua lilipozama alikuwa na binti tu, na binti mwenyewe hakutaka kumtazama usoni.

Mashua iliitwa Haina Kwao. Jina hilo alilitoa Siwema, mkewe, kwa mzaha, maana kila walipotia nanga Ziwa Nyasa watu waliwauliza lile lile: "Nyie kwenu hasa wapi?" Kwao palikuwa humo humo, kwenye pima nne za mbao na tanga moja la marekani lililotiwa viraka mpaka viraka vikazaa viraka. Nyuma palikuwa na sanduku la mchanga lenye mafiga matatu, ndilo jiko. Kudra, binti yao, alizaliwa humo wakiwa Lumbila, na alipoanza kutambaa alifungwa khanga kiunoni, ncha ya pili kwenye mlingoti, kama mbuzi wa mtu anayeogopa shamba la jirani. Walipakia vyungu vya Wakisi wakavishusha Manda. Walipakia mchele wakaupeleka kulikokosekana mchele. Wakati mwingine walikata ziwa moja kwa moja mpaka Likoma, moshi wa mashamba umeficha milima pande zote, hawaoni ukingo wala ndege, na kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakipanda kutoka majini kama nguzo za moshi. Siwema alikuwa akisema, "Ona, ziwa nalo linapika."

Kazi waligawana hivi. Matano alikuwa mtu wa tanga na kamba. Kudra alikumba maji yaliyoingia chomboni. Usukani ulikuwa wa Siwema. Si kwamba Matano alikuwa mvivu. Akiishika ile kana, mkono wa usukani, mashua ilikwenda kama ng'ombe aliyekula machicha ya pombe. Upepo wa ziwa lile huanguka kutoka milimani bila hodi, na Siwema aliusikia kwa kisogo. Alifunga kitambaa chake juu juu, akaacha shingo wazi, na kabla tanga halijajua lolote yeye alikwisha geuza.

Sheria ya chombo ilikuwa moja tu. Anayeshika usukani ndiye nahodha, na nahodha hashuki kabla ya watu wake. Sheria hiyo hawakuisoma mahali. Babu yake Matano alikuja nayo kutoka Lindi pamoja na kikohozi chake, akawaachia vyote viwili.

Basi Juni hiyo Siwema alikuwa na homa siku ya tatu, na mwera, upepo wa kusini, ulikuwa unavuma kwa kisirani. Hata hivyo yeye ndiye aliyewafikisha kaskazini ya ziwa, meno yakigongana, kana kwapani. Kutoka gatini waliliona paa la bati la hospitali ya misheni. Liling'aa karibu kiasi kwamba ungesema ukirusha jiwe litalia.

Gatini wakakuta meza. Meza ya kukunja, mwavuli juu yake, mkaguzi wa Kizungu nyuma yake, na askari wawili. Walitoka Idara ya Vyombo vya Majini, idara mpya, ambayo makao yake waliyaweka Mbeya, juu mlimani, mahali ambapo maji makubwa ni ya mvua. Ukitaka kuwajua wakubwa, tazama wanapoweka ofisi.

Karani wa mkaguzi, kijana nadhifu aitwaye Filemoni, alisimama ukingoni na kalamu yake.

"Nahodha nani?"

Matano akajibu kama alivyojibu miaka yote. "Nahodha ni mke wangu, ndiye huyu. Anaumwa, mwanangu, tupishe tumpeleke hospitali."

Filemoni akamtafsiria bwana wake. Bwana akacheka kidogo, akasema maneno mawili matatu, akarudia kikombe chake.

"Bwana anasema abiria wanaweza kushuka. Nahodha anabaki chomboni mpaka chombo kikaguliwe. Ndiyo amri mpya."

"Nimekwambia anaumwa."

"Amri haikusema mzima wala mgonjwa."

"Basi nahodha ni mimi!"

"Nimeshaandika," Filemoni akasema, na akamgeuzia karatasi aone. "Kwa wino."

Matano alitaka kumbeba mkewe kwa nguvu. Askari wakasogea. Na Siwema naye, Mungu amrehemu, alikuwa na kiburi cha kazi yake. "Waache, baba Kudra," alisema. "Nahodha hatangulii. Watamaliza sasa hivi." Mbele yao kulikuwa na mashua nyingine za kukaguliwa. Mkaguzi akakagua moja, akanywa chai. Akakagua nyingine, akasema jua kali, akaenda kula. Aliporudi akipangusa mdomo, mkono wa Siwema ulikuwa bado juu ya kana, na Kudra alikuwa anampepea mtu ambaye hakuhitaji tena upepo.

Matano akaichukua ile meza ya kukunja akaitupa ziwani, na wino wake. Hakumgusa mtu. Kwa ajili ya meza akafungwa. Kwa ajili ya Siwema hakufungwa mtu. Mkubwa akikosea huitwa utaratibu. Mdogo akikosea huitwa kesi.

Alipotoka gerezani, kaka yake Siwema, Bushiri, mwenye duka la nguo Iringa, alikuwa amekwisha mchukua Kudra. Na Haina Kwao haikuwapo ziwani. Ilikuwa kidhibiti, ushahidi wa kesi. Chombo kilichosafiri na nahodha asiye halali, yaani mwanamke, kilipandishwa lori, kikapita Tukuyu kati ya migomba, watoto wakikimbia nyuma yake wakipiga vigelegele, kikashushwa kwenye yadi ya idara huko Mbeya, juu ya nyasi, karibu na maua ya mkubwa.

Matano akaifuata, kama mtu anayefuata maiti ya ndugu.

Akapanga chumba Mwanjelwa, siku zile vibanda vichache tu na soko la kuunga-unga, kwa mama mmoja mjane wa Kinyakyusa aitwaye Tusekile, muuza viazi. Chumba kilikuwa kizuri, hakikuvuja. Kosa lake ni kwamba kilikaa pale pale. Matano alilala kwenye sakafu isiyocheza akahisi kichefuchefu, yeye ambaye dhoruba haijapata kumtapisha. Hakukaa kitako. Alitoka akaenda mpaka Iyunga kwa miguu bila shughuli, akageuka, akarudi. Akila, alikula amesimama mlangoni. Tusekile akamwambia, "Baba Kudra, kaa chini ule. Chakula hakikimbii." Akamjibu, "Chakula hakikimbii, mama, ila mimi."

Siku ya kwanza aliyoruhusiwa kuingia yadini aliweka kiganja juu ya mbao. Kiangazi cha Mbeya ni baridi na ukavu pamoja; midomo inapasuka, sembuse mbao. Chombo kilichozoea maji kikikaa nchi kavu hunywea. Mbao zinaachana, kalafati, zile pamba za kuziba nyufa, inadondoka, na siku ukikirudisha majini kinakunywa wewe na mizigo yako. Dawa yake ni moja. Ukiloweshe. Kila siku, ndani na nje, kama mama anavyomkanda mtoto.

Basi akaanza kuteka maji kijitoni na debe begani, akapanda nayo kilima, akamwagia mashua, akaifunika kwa magunia mabichi. Asubuhi nyingine alikuta magunia yameganda yakawa magumu kama mabati, akayavunja kwa mikono. Mji mzima ukapata kicheko.

"Mzee Matano," Anyitike, mlinzi wa yadi, alimwita kutoka langoni, "leo unaipalilia au unaimwagilia tu?"

"Cheka, ndugu yangu. Meno yako yakipata baridi utayafunga."

Na Tusekile akasema mbele ya wanunuzi wake wote, "Ikichipua, baba Kudra, nitengee mbegu. Nitaipanda nyuma ya choo, panapendeza." Halafu jioni ile ile akampa magunia yake mawili ya viazi, yasiyo na tundu. Watu wa kule mdomo wao mbali, mkono wao mbali.

Filemoni alimkuta siku moja. Alikuwa amepandishwa cheo, ana tai.

"Nani amekuruhusu kulowesha kidhibiti?"

"Kikikauka kitapasuka."

"Kikipasuka kitakuwa kidhibiti kilichopasuka. Kikilowa kitakuwa kimechezewa. Usiniletee matatizo, mzee."

"Na kesi yenyewe lini?"

"Rudi wiki ijayo."

Matano akakatazwa langoni. Kwa muda alizunguka ukuta wa yadi kama fisi azungukaye zizi, akichungulia. Aliyemponya ni Anyitike, yule yule mcheshi. Alikuwa askari wa vita vya Burma, hakuogopa tai. Kazi yake nyingine ilikuwa kumwagilia maua ya mkubwa, kwa mpira mrefu wa maji. Alipoulizwa kwa nini mashua inachuruzika maji kila asubuhi, alisimama wima akapiga saluti. "Nimeamriwa maua, bwana. Kama maua yako upande huu wa mashua na mimi niko upande ule, maji yatapita wapi?"

Katikati ya hayo Matano alikuwa mtu wa barabarani. Hakuweza kukaa Mbeya bila kumwona binti, wala kukaa Iringa bila kuiona mashua. Alipanda basi, au lori la Asukile, dereva aliyebeba mbao na viazi kati ya miji hiyo miwili, na katika vumbi la Igawa na upepo wa Makambako ndipo alipopata usingizi, kwa sababu kitu kilikuwa kinamtikisa.

Dukani kwa Bushiri alikaribishwa kwa kahawa na maneno.

"Shemeji," Bushiri alisema akipima kaniki kwa mkono, "mimi sikuchukii. Lakini wewe huna hata kizingiti. Mtoto wa kike huolewa akitoka mlangoni. Watu watasimama wapi kupiga vigoma? Ndani ya maji mpaka kiunoni?"

"Dada yako aliolewa akatoka mlangoni, Bushiri. Mlango haukumwekea umri."

"Umri wake ulikatwa na nani?"

"Na wenye amri."

Bushiri akakunja kaniki akairudisha rafuni.

Kudra alikuwa nyuma ya duka, anakunja vitambaa. Alikuwa na miaka kumi na mitano na alikwisha refuka. Mke wa Bushiri alimgombeza kila siku kwa jinsi anavyojifunga kichwa, juu juu, kisogo wazi, kama mwanamke wa mashambani. Upepo wa Iringa uliposhuka kutoka mawe ya Gangilonga ukapita uani, Matano aliona shingo ya binti ikisimama nywele, na bega lake la kulia likasukuma kitu ambacho hakikuwapo. Alisukuma sawasawa. Hata mama yake asingefanya vingine. Matano akahisi furaha na hofu kwa pamoja, kama mtu aliyeona moto kwenye jiko alilodhani limezimika.

"Mashua je?" Kudra akauliza.

"Inakunywa. Bado haijapasuka."

"Ukiipata, nani atashika usukani?"

"Wewe. Nani mwingine? Mimi unanijua, nitaipeleka Msumbiji nikitaka Manda."

Binti akacheka, mara ya kwanza tangu Juni. Kisha akaacha. Akavuta kitambaa kingine akakikunja vizuri mno.

"Baba, siku ile ungesema ni wewe. Tangu mwanzo."

"Ningesema uongo."

"Wangejuaje?"

"Kudra, waliomuua mama yako ni wale wenye meza. Usije ukachanganya."

"Sijachanganya, baba. Najua waliofanya. Mimi naulizia mdomo wetu."

Matano akaondoka siku hiyo hiyo, kahawa haijaisha. Njia nzima alibishana na Asukile kuhusu serikali, machifu, bei ya chumvi, na kila mtu aliyewahi kukalia kiti. Asukile akamwacha aseme. Walipofika mteremko wa Chimala alimwambia tu, "Mzee, hasira yako ingekuwa petroli ningefika Dar es Salaam."

Mvua zikaanza. Matano hakuhitaji tena debe wala Anyitike mpira wake. Haina Kwao ilijaa maji ya mvua mpaka ukingoni, badala ya kuelea juu ya maji ikawa imeyabeba, na mbao zikavimba zikashikana kama vidole vya mtu anayeomba. Hata tone halikuvuja. Wake wa wakubwa walipita wakaona vyura ndani yake, wakacheka.

Halafu, bila kesi, bila samahani, wakamwita. Serikali ilitaka nafasi ile kwa ajili ya magreda ya barabara. Hawakuitafuta haki ya Matano. Waliitafuta nyasi iliyokuwa chini yake. Filemoni akamsomea masharti, Matano amesimama kwa sababu viti vya ofisi vilikuwa vya wakubwa. Mashua iondoke Jumamosi. Kabla haijatoka langoni, jina la nahodha liandikwe nyuma yake kwa rangi, herufi kubwa. Nahodha awe mwanamume mtu mzima. Na huyo aliyeandikwa, yeye mwenyewe na si mwingine, atashika usukani mbele ya mkaguzi ziwani, siku watakayoishusha majini. Akishindwa, chombo kinavunjwa kuni.

"Mkaguzi yule yule?" Matano akauliza.

"Yule yule. Amenunua meza nyingine."

Matano akatuma neno Iringa kupitia kwa Asukile. Ijumaa lori likarudi na Kudra, na Bushiri kando yake, kanzu nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi, maana binti hasafiri peke yake na dereva.

Usiku ule kwa Tusekile walikula viazi na maharage, na Bushiri akasema lake, taratibu, mkono juu ya goti la shemeji yake. "Nimemleta kwa sababu alikataa kula. Mwenyezi Mungu anajua simfungi. Lakini dada yangu alikufa kwa neno moja ulilolisema wewe. Ukilisema tena juu ya mtoto huyu, ukamwita nahodha mbele ya watu wale, narudi naye Iringa kesho, na utakuwa umeniona mara ya mwisho. Tafuta mwanamume wa kulipwa. Wapo."

"Mwanamume wa kulipwa atalala wapi? Kwenye sanduku la mchanga? Ni nyumba ile, Bushiri."

"Basi jiandike wewe."

"Mbele ya mkaguzi nitashikaje? Upepo wa mlima ukianguka nitawazamisha wote, kisha watapata kuni zao."

"Mwe!" Tusekile akadakia kutoka jikoni. "Kumbe shida si mashua. Shida ni mkia wake."

Kudra alikuwa anakula, amekaa chini sakafuni, ameegemea ukuta, na mwili wake ulikuwa unacheza kidogo huku na huku.

Jumamosi ikafika na mvua nyepesi. Walichomoa kizibo cha chini, maji yote ya mvua yakatoka yakipitia kwenye maua ya mkubwa yakayalaza. Anyitike akasema maua nayo yamepandishwa cheo. Wakaisukuma mashua kwa magogo, watu wa soko wakishika pembeni, wale wale waliocheka kiangazi kizima, mpaka ikakaa juu ya lori, omo yake, sehemu ya mbele, ikitazama kusini. Asukile akaifunga kamba, akaingia akawasha injini. Lori likaanza kutetemeka, na mashua ikatetemeka nalo.

Kudra hakungoja kuambiwa. Akapanda gurudumu, akapanda ubavu, akaenda akakaa nyuma, mahali pa mama yake, na akaiweka kana kwapani. Kitambaa juu juu, shingo wazi kwenye mvua. Bushiri alisimama chini yake na mfuko wa nguo zake mkononi. Hakuupandisha wala hakuuweka chini.

Filemoni akatoka ofisini na kopo la rangi nyeupe na brashi. Tai alikuwa ameitupia begani isilowe. Akazunguka nyuma ya lori, akapangusa ubao kwa kiwiko, akachovya.

"Haya. Nahodha nani?"

Matano alifungua mdomo. Alimwona Siwema, meno yakigongana, akisema watamaliza sasa hivi. Aliona paa la bati. Alimtazama Kudra, na safari hii binti alikuwa anamtazama usoni, bila kupepesa, mkono umetulia. Lango lilikuwa wazi. Anyitike, saluti yake nusu, alikuwa anamnong'oneza bila sauti, midomo tu: sema, mzee, sema wewe, twende. Tone la rangi likadondoka kutoka kwenye brashi, likaanguka juu ya kiatu cha karani.

Asukile akapiga honi.

"Wewe mzee," Filemoni akasema, "mvua inanyesha. Nimekuuliza, nahodha nani?"